Mama amegoma kwenda mionzi, na ndugu wamenikataza kumwambia anaumwa nini

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mbagala na mume wangu na watoto wawili. Mwezi wa pili mama yangu alianza kutokwa damu huko kwao Mbinga, na hedhi alishaiacha miaka kumi na kitu iliyopita. Kituo cha afya walimpa vidonge mara tatu. Baadaye alikatwa kinyama, majibu yakatoka: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B. Karatasi alikabidhiwa kaka yetu mkubwa. Mama alikuwa amekaa nje kwenye benchi.

Kikao kilifanyika kwa mjomba, mimi nikisikiliza kwa simu. Mjomba akasema, "Mkimtajia jina la ugonjwa huo atakufa kabla haujamuua." Kaka naye akasema ugonjwa wa sehemu zile watu watamfikiria vibaya mama. Ikapitishwa aambiwe ana uvimbe kwenye kizazi na kwamba Dar kuna mashine ya kuuchoma. Mimi ndiye mdogo, sikupinga.

Sasa yuko kwangu tangu mwezi wa tano. Alipangiwa mionzi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na kemo, yaani dawa ya saratani ya dripu, mara moja kwa wiki, halafu amalizie na mionzi ya ndani. Amefika 14. Wiki juzi mashine iliharibika siku mbili. Iliporudi, kemo ikaahirishwa, tukaambiwa damu imeshuka, "mkale vizuri mrudi". Nilitaka kuuliza imeshuka hadi ngapi lakini daktari alishaita jina la mwingine. Nikamfuata nesi, akanijibu mbele ya watu, "Kwani wewe ni daktari?" Hospitali nisiitaje.

Kisha mama akaanza kuhara. Jumatano asubuhi nimemkuta kakaa kitandani, kanga kajifunga ya kushindia nyumbani. Akasema, "Uvimbe gani unachomwa siku kumi na nne? Mimi nimechoka. Nirudisheni Mbinga nikavune kahawa yangu." Hakwenda siku hiyo, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Leo Jumamosi anaongea na wajukuu tu, mimi hanitazami.

Kuna mengine. Kaka anatuma unga wa majani ya mstafeli kwa basi, mama anakunywa kila asubuhi, na daktari sijamwambia. Wifi yangu ninayeishi naye amekitenga kikombe cha mama, kile cha bati cha kijani, anakiweka dirishani peke yake, na amewakataza wanangu wasipakatwe na bibi kwa sababu ana mionzi mwilini. Genge langu limefungwa mwezi sasa.

Nikimwambia mama ukweli nitakuwa nimemvunjia mjomba heshima. Nisipomwambia, harudi hospitali. Na hata akirudi, sijui nizungumzeje na wale madaktari nisionekane mjuaji. Nisaidie. Usinishangae kwa kuuliza, mama mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka yote, mimi ndiye sikufika mbali.

Binti wa mwisho, Mbagala


Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na mpe pole mama.

Nianze na lisilosubiri. Jumatatu mama anatakiwa awe pale hospitali, akiwa amejua au hajajua, anahara au haharishi. Kama anahara ndiyo sababu zaidi ya kwenda. Mionzi ya saratani hii, ya nje na ya ndani kwa pamoja, madaktari hutaka iishe ndani ya wiki 8 tangu siku ya kwanza. Seli za saratani zinapigwa leo, kesho, keshokutwa, ili zisipate nafasi ya kujirudishia. Ukiruka siku, zinapumua. Nyie mmeruka tano: mbili za mashine, tatu za mgomo. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza Jumatatu iwe hii: "Daktari, tumekosa siku tano, zitafidiwaje?" Hospitali nyingine huongeza Jumamosi, nyingine humpiga mgonjwa mara mbili kwa siku kwa kupishanisha saa kadhaa. Uamuzi ni wao, ila ukinyamaza unaweza kukuta tarehe zimesogezwa mbele tu, basi.

Nakuhimiza hivi kwa sababu hatua ya pili B bado inatibiwa kwa nia ya kuponya. Maana yake ugonjwa umetoka kwenye mlango wa kizazi ukaingia nyama za jirani, lakini haujafika ukutani mwa nyonga. Mjomba ameamua kama vile mnamsindikiza mama. Hamjafika huko.

Sasa huyo mama. Umeniandikia mambo mengi halafu lililo kubwa umelitia mwishoni, kama jambo la kujitetea: mama alikuwa mwalimu. Mwanangu, mwalimu wa shule ya msingi amepita mara 14 kwenye geti la hospitali ya saratani. Amekaa kwenye mabenchi yenye mabango ya saratani ukutani. Ameongea na wanawake wenzake kwenye foleni, na kwenye foleni ya mionzi hakuna siri, mtu anakwambia yuko hatua ya ngapi kabla hajakwambia jina lake. Kadi yake ya hospitali anaishika nani? Unadhani kweli kuna asichokijua?

Mimi naona mama anajua, au anajua nusu, na amekuwa akiwasitiri nyie kama nyie mnavyojidai kumsitiri. Lile swali la uvimbe gani unachomwa siku kumi na nne halikuwa swali la mjinga. Mwalimu huuliza hivyo anapotaka mtoto aseme mwenyewe.

Kwa hiyo usiende kumtangazia. Muulize. Subiri watoto wamelala, kaa naye chini au kwenye ukingo wa kitanda, mkandekande miguu ukitaka, kisha umwambie: "Mama, wewe mwenyewe unaona unaumwa nini?" Halafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo watu wengi hushindwa, wanajaza maneno. Akikujibu "nasikia ni kansa", mwambie ndiyo mama, ni saratani ya mlango wa kizazi, na madaktari wanaitibu kwa nia ya kuiondoa. Akilia, alie. Akisema, "Mimi sitaki kuyajua hayo, ongea nao wewe", hiyo pia ni haki yake, ila sasa amekuchagua yeye kwa mdomo wake, hukuchaguliwa na kikao cha kwa mjomba. Muulize pia anataka kujua kiasi gani, maana wapo wanaotaka kila namba na wapo wanaotaka kujua tu tarehe ya kumaliza.

Ukiona mdomo mzito, muombe daktari mapema amweleze mama nawe ukiwa umemshika mkono. Ugonjwa ni wa mama, na majibu yalikuwa ya kukabidhiwa mama kabla ya kaka. Ndugu tunaambiwa kwa ridhaa ya mgonjwa. Kule kumuacha mtu mzima kwenye benchi huku mwanawe anasomewa karatasi, tumekuzoea, lakini si sawa.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa, na hii nakwambia kike. Mionzi ya ndani inakuja. Kule mama atalazwa chali, miguu itapandishwa, na vifaa vitaingizwa kupitia ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi. Na si mara moja, kwa kawaida hurudiwa mara kadhaa. Mwanamke wa umri wake, mwalimu aliyestahiwa, afanyiwe hayo akiwa anaamini ni "uvimbe tu"? Atakimbia, na safari hiyo hutomrudisha. Akijua, atavumilia kwa sababu anajua anavumilia nini. Tena omba mapema muelezwe atapewa dawa gani ya maumivu siku hiyo. Usisubiri kuuliza mama akiwa ameshapanda kitandani.

Mjomba mpigie Jumapili, mapema, kabla hujaongea na mama. Msalimie, muulizie hali, kisha: "Mjomba, mama amegoma siku tatu. Bila kuelezwa harudi, na asiporudi dawa yote iliyopita inapotea. Kwa hiyo leo jioni tutaongea naye." Umesikia hilo "tutaongea"? Unamwarifu. Huombi ruhusa. Atafoka kidogo, muitikie. Kumheshimu mjomba ni kumfanya asisikie habari barabarani.

Na hilo la kaka, kwamba watu watafikiria vibaya, mwambie hivi: saratani hii huletwa na kirusi ambacho karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza hukipata wakati fulani maishani, wake waaminifu wakiwemo, na kwa wengi huondoka chenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache hubaki miaka mingi kimya mpaka kikaleta haya. Hakuna uhuni wa kumtafutia mama hapo.

Turudi kwa madaktari. Nikusimulie kosa langu, maana nalijutia hadi leo. Marehemu mume wangu alikuwa na saratani ya koo la chakula. Tulikuwa tunaingia kwa daktari, anauliza, "Mgonjwa hajambo?" Nami, kama nilivyolelewa, "Hajambo daktari, tunamshukuru Mungu." Daktari anaandika. Tunatoka. Mtu mwenyewe ana siku nne ugali haupiti, anameza maji ya uji kwa kijiko! Sikudanganya, nilisalimia tu. Ila kwenye faili iliandikwa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na mimi ndiye niliyeiandikisha. Ilichukua wiki mbili na nesi mmoja wa zamu ya usiku kunifundisha kwamba salamu iishie mlangoni, ukishakaa kwenye kiti utaje hesabu.

Nunua daftari la shule, la kurasa 48 linatosha. Kila siku andika: ameenda choo mara ngapi, ametapika mara ngapi, amekunywa vikombe vingapi, amekula nini na amebakiza kiasi gani, maumivu yako wapi, amelala saa ngapi, homa ni ngapi kwa kipimajoto. Kipimajoto nunua, usipime kwa kiganja. Ukiingia kwa daktari usiseme "anaharisha sana", sema "tangu jana asubuhi ameharisha mara saba, amekunywa uji nusu kikombe". Daktari aliyechoka husikia namba haraka kuliko malalamiko. Na umuachie mama aseme kwanza. Akisahau ndipo unafungua daftari. Nimeona mabinti wanaowajibia mama zao hadi jina, mgonjwa anabaki kama mzigo uliosindikizwa.

Maswali yako usizidishe matatu kwa siku, yaandike usiku, na la maana litangulie. Jumatatu yako ni haya: siku tano zitafidiwaje, damu ni ngapi na mnataka ifike ngapi ili apewe kemo, huku kuhara apewe nini. Hilo la damu usiondoke bila namba. Madaktari wengi wa mionzi hawapendi ishuke chini ya 10, kwa sababu saratani yenye damu pungufu haiungui vizuri. Kama iko mbali na hapo, "mkale vizuri" haitatosha kwa wiki moja, matembele na maini yana mwendo wake. Uliza waziwazi: "Anahitaji kuongezewa damu? Tulete ndugu wa kuchangia?" Mumeo yuko, wifi yuko. Wapeni kazi.

Kwa yule nesi, ukiulizwa tena kama wewe ni daktari, jibu kwa upole, "Hapana sista, mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja." Halafu usiondoke. Hapa mjini upole usioondoka unafanya kazi kuliko ukali. Ikishindikana, kila idara ina nesi msimamizi, muulizie kwa cheo chake. Na kama pesa zimekukaba, na kwa genge lililofungwa najua zimekukaba, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali, ueleze hali yako kabla hujaanza kukopa. Mambo ya misamaha hupitia kwao. Watu wengi hupita mlango ule wakidhani ni wa watoto yatima.

Mstafeli. Kaka anatuma kwa mapenzi, simlaumu. Ila hakuna uthibitisho kwamba majani yake yameponya saratani ya binadamu yeyote, na dawa ya kemo inayotumika sana kwa ugonjwa wa mama, sisplatini, hutolewa na figo na inaweza kuziumiza. Ndiyo maana humpima figo na kumjaza maji ya dripu. Sasa changanya: kuhara, maji yamepungua mwilini, sisplatini, na juu yake unga ambao hakuna aliyeupima una nini. Aache kuunywa leo, na Jumatatu pakiti uipeleke ukamwonyeshe daktari, bila aibu, wameona makubwa kuliko hayo. Sisi wa umri wangu tunaikumbuka Loliondo ya mwaka 2011, magari yamepanga foleni kilomita kwa kilomita kwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Babu, na humo waliokatisha dawa zao hospitali walikuwemo. Mume wangu alitaka twende. Nauli tu ndiyo iliyotuzuia, nisikudanganye kwamba ilikuwa hekima.

Kaka mpe kazi nyingine. Umeona mama alivyosema? Anawazia kahawa. Mwezi huu Mbinga imeiva, inaanguka chini, na yeye amelala Mbagala. Kaka akavune, aanike, apige picha vichanja vilivyojaa amtumie mama kwenye simu. Itamtuliza kuliko gunia la mstafeli.

Usiku ukipima homa ukakuta 38 au zaidi, usimpe panadoli ukalala mkisubiri kukuche. Kemo hushusha kinga, na homa ya mgonjwa wa kemo ni ya kupanda bajaji usiku huohuo. Ukifika mapokezi sema kwanza kwamba yuko kwenye kemo, ndipo useme ana homa. Vilevile akitokwa damu nyingi, mkojo ukipotea, au akishindwa kubakiza hata maji tumboni. Kwa kuhara kwa sasa anza na maji ya chumvichumvi ya pakiti yale ya watoto, kidogokidogo siku nzima, na zile alama za wino alizochorwa tumboni usizisugue unapomwogesha.

Wifi yako mwambie mionzi ya nje hupita mwilini kama mwanga, mashine ikizimwa haibaki kitu. Saratani nayo haiambukizi kwa kikombe, kitanda wala kupakatana. Asipokuelewa, usigombane naye. Chukua kile kikombe cha kijani dirishani, kioshe pamoja na vingine, kesho asubuhi unywee chai wewe mbele ya mama, umimine cha mama kwenye chako. Wanao wapande mapajani kwa bibi. Akisema amechoka watashuka.

Wewe je? Mtu mmoja hawezi siku tano kwa wiki. Mumeo akubebee hata Alhamisi moja, daftari anaweza kulisoma na yeye, ufungue genge. Usiogope kwamba atakosea, atakosea, na mama atamsahihisha, ameshasahihisha madaftari mengi huyo.

Nimesahau moja. Una miaka 34, na serikalini kipimo cha mlango wa kizazi wanawashauri wanawake kuanzia 30. Wanapaka siki, wanatazama, dakika chache. Siku mama yuko kwenye foleni ya mionzi, uliza wanapima chumba gani. Na kama mmoja wa wanao ni binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya kile kirusi kinacholeta saratani hii ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja tu. Muulize mwalimu wake kama alichomwa.